Shangazi aliyetutunzia historia ya ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nimkumbuke shangazi yangu wa Pumwani, aliyetutoka mwaka huu, ambaye ukoo mzima ulimtegemea kila palipozuka swali la nani alizaliwa na nani. Alitusimulia jinsi wazee wetu walivyohamia Shauri Moyo baada ya serikali ya kikoloni kubomoa kijiji cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Chini ya kitanda aliweka sanduku la bati, na ndani yake, kikiwa kimefungwa katika leso iliyochakaa, kikebe cha chuma alichovaa babu shingoni kubebea kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho. Alikuwa akitupa tukishike kwanza, kutu ikitubaki vidoleni, ndipo aanze kutaja majina ya vizazi vitano bila kusita.

Sisi tulibahatika, kwa kuwa mpwa wangu alimrekodi kwa simu. Naisihi serikali ya kaunti itenge chumba katika maktaba zake za Kaloleni na Makadara, wazee wa Eastlands warekodiwe wangali hai, na sauti zao zihifadhiwe humo wajukuu wapate kuzisikiliza.

Msomaji wako,
Pumwani, Nairobi