Mhariri, levo kubwa sio kila kitu

Mhariri, salamu kutoka Mwanjelwa huku Mbeya, baridi imeshaanza kutubana. Kuna barua ya mzazi mmoja mliichapa, anasema hizi gemu za madude kupigana ni kubonyeza bonyeza tu na mwenye levo kubwa ndo anashinda. Hapana jamani, hii siwezi kuiacha ipite.

Tuchukue Pokémon maana ndo madogo wengi huku wanacheza kwenye simu. Kila dude lina aina yake, moto, maji, majani, umeme na kadhalika, sasa hivi ziko 18 (zilipotoka Japani 1996 zilikuwa 15), na mengine yana aina mbili kwa mpigo. Ukipiga dude ambalo aina yako inaliweza pigo linakuwa mara mbili, likiwa sugu kwako linakatwa nusu. Hilo wengi wanalijua. Utamu uko kwenye yale ya aina mbili maana hesabu zinazidishana, Gyarados kwa mfano ni wa maji na wa kuruka, umeme unaumiza vyote viwili kwahiyo anakula mara nne, pamoja na ubabe wake wote ule. Sasa mlete Quagsire, wa maji na ardhi, sura ya kizembe kabisa, mpige umeme ule ule: maji mbili, ardhi haiguswi na umeme yani sifuri, mbili mara sifuri ni ngapi? Hata uwe levo 100 na yeye 5, umeme haumgusi!

Na hapo ndo akili inapotumika. Juzi kwenye kibanda cha kuchaji simu dogo mmoja alikuwa na Gyarados, mwenzie kamletea Pikachu wa umeme, yule dogo wala hakuhangaika kupiga, akamtoa Gyarados akamwingiza Quagsire, umeme ukaishia hewani na mwenzie kabaki anatukana simu. Ukisema basi unamleta wa majani, maana majani yanamla Quagsire mara nne, dogo anamrudisha Gyarados, kwake majani ni pigo la kawaida tu. Yani unacheza na kichwa cha mtu, sio levo.

Halafu sifuri yenyewe haiendi pande zote. Aina ya mzimu na ile inayoitwa kawaida hazigusani kabisa, sawa, ila umeme haugusi ardhi wakati ardhi inaupiga umeme mara mbili. Wa kuruka ndo salama kwa pigo la ardhi, haliwagusi. Majoka yalitamba miaka na miaka mpaka 2013 ilipoletwa aina ya vibwengo ambao joka hawagusi, na mimi naona walichelewa.

Mkiwa na nafasi Jumamosi chapeni ile chati nzima ya aina ipi inaiweza ipi, madogo huku wanainakili kwa mkono kwenye daftari, na ya mmoja nimeiona kaandika sumu inaumiza chuma mara mbili wakati haiingii kabisa.

Mdau wa gemu,
Mwanjelwa, Mbeya