Mama Zawadi, usisaini kwanza

Morogoro

Shoga yangu Mama Zawadi,

Habari za Mwanza? Huku wazima, ila mvua inatutesa. Nimekuandikia kuhusu huo mkopo anaokupa yule kijana, kwa sababu kwenye simu huwa unanikata maneno.

Laki tano ndani ya saa moja, bila mdhamini, wanataka picha ya friji na kitanda tu? Hiyo ni kausha damu, mwenzangu. Riba yao inauma, lakini mimi naogopa zaidi hilo rejesho la kila Jumatatu. Wewe ni mtu wa dagaa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, ukifika soko la Mwaloni magunia ya kuhesabu na bei iko juu. Mvua ikiwakuta dagaa wako kwenye chanja, unaishia kuwauza kwa wafuga kuku. Jumatatu hiyo utalipa na nini? Na mtaji. Ukiisha, unakopa kwa mwingine umlipe wa kwanza.

Huyo kijana muombe leseni ya Benki Kuu. Wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano ni 17,500. Akianza habari za hela ya fomu na hela ya usumbufu, nyanyuka.

Najua utasema mikopo ya halmashauri ina wenyewe. Vikundi hewa vilikuwepo kweli, hadi ikasimamishwa Aprili 2023, lakini 2024 ilirudi, na haina riba hata senti. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni yetu wanawake. Kazi iko kwenye kungoja: katiba, usajili, akaunti, nenda rudi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Anzeni kikundi sasa, na msimuingize wifi kujaza namba tu. Akikimbia, deni ni lenu.

Kwa haraka yako ya sasa, kakope kikoba. Hisa zako zimo sandukuni, na riba utakayolipa mtagawana wenyewe siku ya kuvunja. Waombe rejesho lako liangukie giza, siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wakiwa wengi. Nusu yao wanauza samaki, hakuna atakayeshangaa.

Mimi nina laki moja, nitakurushia Ijumaa. Utanirudishia giza la pili, na usinipunguzie kwa kuniletea dagaa.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mama Tuli