Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Julai 25 tuwataje kwa majina

Kiomboi, Iramba,
Mkoa wa Singida.

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: KUSOMWA KWA MAJINA YA WALIOFIA VITANI SIKU YA MASHUJAA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika miaka yangu ya ualimu nimeandika barua nyingi za kiserikali zilizoanza kwa maneno hayo na kuishia ndani ya majalada. Hii nimeamua kuiandika hadharani, kwa sababu ninachokiomba si changu peke yangu, na wanaopaswa kukisikia pamoja nawe wametawanyika katika wilaya zote za nchi hii.

Kila tarehe 25 Julai nakaa mbele ya televisheni na kuifuata Siku ya Mashujaa tangu gwaride linapoingia uwanjani hadi viongozi wanapoondoka. Nakiri kwamba ni shughuli inayopendeza na kuhuzunisha kwa pamoja. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, Meya anaweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa imani yake. Nchi chache zimejiwekea heshima ya aina hii, inayotumia silaha za babu zetu badala ya kuiga maua matupu ya wageni, na sitaki kipunguzwe hata kimoja katika hayo.

Lakini nimekuwa nikisubiri jambo moja, na halijatokea. Nimesubiri jina. Katika saa nzima ya shughuli ile neno "mashujaa" hutamkwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ilhali simsikii hata mmoja wao akitajwa kuwa ni fulani mwana wa fulani, wa kijiji fulani, aliyekufa mwaka fulani. Ombi langu ni kwamba orodha ya wanajeshi, mgambo, polisi na askari magereza waliopoteza maisha katika utumishi wa vita tangu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964 itangazwe kwa wananchi, na kwamba kila Julai 25 majina hayo yasomwe kwa sauti katika wilaya walikotoka.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Baba yangu mdogo aliondoka nyumbani Desemba 1978 pamoja na vijana wengine wa mgambo wa kata yetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tumeisikia redioni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita, ya tarehe 2 Novemba, siku chache tu baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera, na sisi watoto tuliyafanya yale maneno matatu, uwezo, sababu na nia, kuwa wimbo wa mchakamchaka kabla hatujajua Kyaka iko upande gani. Nilizijua Mutukula na Masaka kwenye ramani kabla ya kuijua Tabora, ambayo ni jirani yetu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi Juni vita vikamalizika. Wenzake wawili wa baba mdogo walirudi. Mmoja alisema walitengana kabla ya Masaka, mwingine akasema alisikia kwamba yuko hospitali. Jeshi letu, kama unavyojua, halikuondoka Uganda lote kwa mara moja, kwani vikosi vingine vilibaki huko hadi 1981, na kwa bibi yangu habari hiyo ilikuwa sababu tosha ya kungoja. Yeyote aliyemshauri aweke matanga alijibiwa kwamba vijana bado wako Uganda, na kwa kweli walikuwako. Ndiyo miaka ambayo Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tuliifunga, na wengine wetu hatujapata nafasi ya kuilegeza mpaka leo, lakini hiyo si hoja ya barua hii.

Taarifa ilitufikia kwa mdomo tu, mwaka 1981, kwamba alikufa Februari 1979 katika ajali ya lori ng'ambo ya Mto Kagera. Aliyeileta hakujua amezikwa wapi. Baadaye kaka yangu mkubwa alikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, akaambiwa arudi na namba ya jeshi ya marehemu. Mgambo aliyeitwa kutoka shambani, akafunzwa na kupelekwa mstari wa mbele, namba yake aliondoka nayo. Kaka alirudi mara tatu. Mara ya nne nauli ilikosekana.

Sitaliandika jina la baba yangu mdogo hapa, kwa sababu nikiliandika barua hii itageuka kuwa ombi la familia moja, nawe utampa msaidizi wako alishughulikie, nasi tutashukuru, na mambo yatabaki yalivyo. Sitaki atajwe peke yake akiwa ametangulia mbele ya wenzake.

Namna alivyokufa ndiyo iliyonifanya nifikiri sana juu ya nani anaingia katika orodha. Miaka michache baada ya vita, waandishi wa habari wawili wa kigeni, ambao mmoja wao alifuatana na majeshi yetu, waliandika kwamba wanajeshi wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na kwamba kati yao ni 96 tu waliouawa katika mapambano yenyewe. Waliobaki walikufa kwa ajali, maradhi na mengineyo yanayoandamana na maelfu ya watu wanaohamishwa kwa haraka kupita barabara mbovu wakati wa mvua. Kwa upande mwingine, makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, hutajwa kuwa na mashujaa zaidi ya 600. Simtuhumu mtu kwa kutofautiana kwa hesabu hizi, kwani huenda kila moja imehesabu watu wake kwa kipimo chake. Nasema tu kwamba karibu nusu karne imepita, na mwananchi anayetaka kujua ni wangapi walikufa kwa ajili yake hupewa idadi mbili zisizofanana, ilhali orodha yenye majina ingemaliza ubishi huo asubuhi moja. Na katika orodha hiyo aliyekufa ndani ya lori akae pamoja na aliyekufa katika mapigano ya Lukaya, kwa kuwa wote wawili walipelekwa na amri ileile.

Mheshimiwa Waziri, tunao mfano wa karibu wa yanayotokea pale waliokufa wanapokumbukwa kwa jumla. Katikati ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, imesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, kijana wa shaba aliyeelekeza bunduki yenye singe upande wa bandari. Iliwekwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi. Wapagazi hao waliobeba risasi, unga na majeruhi, kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma na kuvuka, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Leo wamebaki katika jina la soko: Kariakoo, mahali ilipokuwa kambi ya jeshi la wapagazi. Tunapanda daladala kwenda Kariakoo kununua vitenge na simu, na kondakta anapoita kituo hatukumbuki kwamba anaita watu.

Wazungu waliokufa katika vita hivyohivyo walipewa kila mmoja jiwe lenye jina, cheo na tarehe, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo, Dar es Salaam, Moshi, Tanga na Iringa. Kuhusu Waafrika, maofisa wa kikoloni waliandika bila haya kwamba mwenyeji asingeelewa maana ya jiwe la kaburi, kwa hiyo sanamu moja ingewatosha wote. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba kwa uchache watu laki moja na elfu kumi na sita, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hata laki tatu na nusu, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwa dakika chache, kisha nikaona aibu. Waliotutawala wamekiri kuwa waliwaacha watu wetu bila majina, nasi tuliojitawala tuna siku ya kitaifa ambayo jina halisomwi.

Hakuna anayeweza kusema kwamba kutaja hakuwezekani, maana tumekwisha kufanya. Tarehe 13 Julai 2013 wanajeshi wetu saba waliuawa wakilinda amani Darfur, Sudan, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa na tukapoteza kumi na wanne kwa mara moja. Miili yao ililetwa Dar es Salaam, ikaagwa kwa heshima zote, na nchi nzima ikawasoma magazetini kwa majina na vyeo vyao. Umoja wa Mataifa nao, kila ifikapo siku ya walinda amani, mwezi Mei, huwatunuku waliofia kazini medali ya Dag Hammarskjöld, kila mmoja kwa jina lake. Inashangaza kidogo kwamba kijana wa Kitanzania aliyekufa Kongo anaitwa kwa jina lake mjini New York mwezi Mei, halafu Julai, kwenye ardhi yake, anaingizwa katika neno la jumla.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi ya ombi hili. La usiri silielewi, kwa sababu marehemu wa 1979 hana siri ya kijeshi iliyobaki. La makosa ya kumbukumbu nalikubali: mgambo waliitwa kwa haraka, majina yaliandikwa na makarani waliochoka, na bila shaka wapo walioandikwa kwa jina la babu au kwa tahajia ambayo ndugu zao hawaitambui. Dawa yake ni kuitangaza orodha na kuacha ndugu waisahihishe wakati bado wapo. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ambaye ni ofisa wa jeshi lako. Yeye apokee picha, barua na ushahidi wa wazee, aulinganishe na kumbukumbu za makao makuu. Pale Kaboya, na vilevile Naliendele, Mtwara, wanakolala wale wa mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, orodha hiyo iwe katika daftari ambalo mgeni anaweza kulifungua bila kuandika barua ya maombi.

Na ukiambiwa kwamba muda hautoshi, niruhusu nijibu kama mwalimu. Nimeita mahudhurio ya darasa kila asubuhi kwa miaka thelathini na tano. Majina arobaini na matano huchukua dakika mbili, pamoja na kumsubiri yule anayechelewa kuitika. Majina mia sita ni chini ya nusu saa, muda ambao wageni rasmi wengi huumaliza wakiwa bado kwenye utangulizi wa hotuba. Tena yakigawanywa kwa wilaya, Iramba tutakuwa na machache tu, na mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyasoma mbele ya bendera bila posho wala hema la kukodi. Siombi Julai 25 iwe siku ya mapumziko. Napenda iangukie siku ya kazi na ya shule, watoto wakiwa mstarini, wasikie jina la ukoo wanaoufahamu likisomwa, wageuke kumtazama mwenzao.

Bibi yangu alifariki akiwa hajasikia jina la mwanawe likitamkwa na mtu yeyote wa serikali. Shangazi yangu, dada yake marehemu, bado yu hai na akili zake ni timamu. Anayo picha moja aliyopigwa baba mdogo mjini Singida siku ya kuondoka, na barua moja fupi aliyoituma akiwa njiani, isiyo na tarehe. Nitaambatisha nakala zake mara utakaponielekeza nizipeleke kwa nani. Kama zinahitajika zile halisi, naomba ofisa aje azione nyumbani, kwa kuwa shangazi ameniambia wazi kwamba hazitoki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kiomboi.