Dramu ya breki iliyogoma haitolewi kwa nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo linaloharibu magari mengi na kuhatarisha maisha ya watu, nalo ni namna dramu za breki za nyuma, yale makopo ya chuma yanayozunguka pamoja na tairi, zinavyotolewa pale zinapogoma. Nimefanya ufundi wa magari hapa Tanga kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba wenye magari wanaojitengenezea wenyewe nyumbani, pamoja na vijana wengi wanaojifunzia kazi barabarani, hawajaonyeshwa njia nyingine zaidi ya nyundo.

Probox, Noah za zamani na Hiace, ambazo ndizo zinazobeba watu na mizigo yetu, nyingi zina breki za dramu nyuma. Hewa ya chumvi ya pwani, pamoja na tabia ya kuacha gari limeegeshwa masika nzima huku handibreki imevutwa, hufanya dramu hizo zishikane hasa. Hivi karibuni uliletwa kwangu mzigo wa dramu mbili ambazo ukingo wake ulikuwa umemeguka vipande, na moja ilikuwa na ufa uliofika hadi kwenye sehemu inayosuguliwa na breki shuu, vile vibao vya upinde vinavyobana dramu kwa ndani. Aliyezitoa alipiga ukingo kwa nyundo nzito kuzunguka pande zote. Dramu hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi. Kikipigwa pembeni huvunjika, na ufa wa aina hiyo haushonwi wala hauchomelewi. Dramu hiyo ni ya kutupwa.

Kabla ya kushika kifaa chochote ni lazima kujua dramu imeshikwa na nini, kwa kuwa dawa hazifanani. Mara nyingi ni kutu iliyojijenga kwenye duara la katikati, pale dramu inapokaa juu ya habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu. Wakati mwingine ni handibreki ambayo haikuachia vizuri, au waya wake umekazwa kupita kiasi. Lakini ipo sababu ambayo wengi hawaifikirii: breki shuu zikitumika miaka mingi huila dramu kwa ndani na kuacha ngazi ndogo ukingoni, kisha zenyewe hukaa ndani ya bonde hilo. Dramu ya namna hii utaiona inazunguka bila taabu, ila ukiivuta inakwama. Ukiilazimisha utang'oa pini na springi za breki shuu. Inayotakiwa ni kurudisha nyuma adjasta, kifaa chenye gurudumu la meno kinachosogeza breki shuu karibu na dramu. Kwenye bamba la nyuma ya dramu kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi nyembamba usukume kando kile kikono kinachozuia gurudumu la meno, na kwa bisibisi ya pili uzungushe meno hayo mpaka breki shuu zijikunje ndani.

Kwa kutu, mtengenezaji alikwisha kutuachia njia. Kwenye uso wa dramu nyingi za magari ya Kijapani kuna mashimo mawili madogo yenye uzi, na watu huyatazama wakidhani kuwa kuna bolti zilizopotea, kumbe yaliwekwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Safisha duara la katikati kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegezea kutu hapo na kuzunguka stadi za tairi, zile bolti zinazoshika tairi, kisha uyape muda yapenye. Chukua bolti mbili za milimita 8, ambazo kwa kawaida nafasi kati ya uzi na uzi huwa milimita 1.25, uziingize kwa mkono hadi zigote kwenye habu, halafu uzikaze kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, ili dramu isukumwe sawasawa. Zikiwa ngumu, simama, ongeza mafuta na ugongegonge kwa nyundo ndogo kwenye uso wa dramu katikati ya stadi, kamwe si ukingoni. Kisha endelea. Bolti moja ikikazwa peke yake huipinda dramu upande na kuharibu uzi.

Jambo linalonitisha kuliko yote ni jeki. Ili dramu itoke handibreki inabidi iachiwe, na gari lenye magurudumu ya nyuma hewani na handibreki chini halizuiwi na kitu. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari pande zote mbili, na gari likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Ambaye hana stendi asianze kazi hii.

Vumbi lililo ndani nalo lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kama inavyofanyika karibu kila mahali. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani limeithibitisha kuwa inasababisha saratani, na kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Lowesha vumbi hilo kwa maji ya sabuni na ulifute kwa kitambaa. Usioshe kwa petroli, maana huvimbisha mipira ya silinda ya breki, na silinda iliyovimba mipira huvuja. Ukikuta unyevu wa mafuta ya breki ndani ya dramu, funga kazi na umwite fundi, kwa kuwa hapo shida imeshavuka kiwango cha kujitengenezea nyumbani.

Kwa anayebadilisha breki shuu mwenyewe, nasihi afungue upande mmoja tu kwanza, ili upande wa pili abaki nao kama mfano wa mpangilio wa springi. Apime pia kipenyo cha ndani cha dramu, kwa sababu kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Iliyopita hapo isikerezwe tena. Kabla ya kurudisha, apake grisi kidogo sana kwenye duara la habu, na safari ijayo dramu itatoka kwa mikono. Gari lisisogezwe kabla ya kukanyaga pedali ya breki mara kadhaa hadi iwe ngumu.

Ndugu Mhariri, maarifa haya si siri ya gereji, na wenye magari wataendelea kujitengenezea kwa sababu hali ya fedha inawalazimu. Ninaiomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari hutoa kozi fupi, ifikirie kozi ya jioni ya breki na jeki kwa wamiliki wa magari wasio mafundi, kwa ada ambayo dereva wa Probox anaweza kuimudu. Nawe ninakuomba utenge sehemu ya toleo lako la mwisho wa wiki ambapo mafundi wenye uzoefu wataeleza kazi moja moja kwa michoro, ukianza na hii ya dramu, kabla masika hayajaingia na magari kulazwa tena.

Wako,
Fundi wa magari,
Tanga