Mwanangu, kizunguzungu kimeisha?

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Bibi yako mguu umepungua kuvimba, anakusalimu na anasema usimsahau kwenye dua. Kabla sijaandika lingine nakuuliza hili: kizunguzungu kimeisha?

Jumatano ulinipigia ukasema, "Mimi mzima mama, nimekula, nimechoka tu." Nikamshukuru Mungu, nikalala. Alhamisi mchana binti wa mama yako mdogo akapita hapa, akanikuta juu ya mbuzi nakuna nazi. Akasema, "Mama mkubwa, umeyasoma aliyoandika dada mtandaoni?" Akanipa simu yake. Nikasoma nimekaa pale pale. Nazi ikabaki nusu kwenye kifuu, na ile niliyokwisha kukuna wakaila kuku.

Siku tatu mfululizo umelala na chai ya rangi na mkate. Siku ya nne, asubuhi, umesimama foleni ya mwendokasi Kimara, macho yakaingia giza, ukashika chuma mpaka mama mmoja akakupisha ukakaa. Hayo umeyaandika yote, siku na saa, na watu wasiokujua wakayasoma wakakupa pole. Mtu wa Mombasa akakuandikia, "Dada, kula kwanza." Huyo amekuambia kula kabla yangu mimi. Na siku hiyo ya giza ndiyo Jumatano uliyonipigia.

Najua utasema mama ameanza tena kusoma visivyomhusu. Safari hii sikufungua sanduku la mtu. Umeweka barazani, nami nimepita barazani.

Nimesoma yote, si ile moja. Ijumaa nikaiomba tena ile simu, na jana nimemaliza, tangu ulipoanza mwezi wa kwanza. Siku ya kiatu kukatika pale Posta ukatembea kwa kuburuza mguu hadi ofisini, niliumia. Siku umeme wa LUKU ulipokata maharage yakiwa nusu, ukayala hivyo hivyo magumu, nilicheka peke yangu jikoni mpaka bibi yako akauliza kuna nini. Siku mkubwa wako alipoisoma ripoti yako mbele ya wenzako akasema andikeni kama huyu, nilitoka nje nikasimama kwenye mchungwa. Hiyo nayo hukuniambia. Kwa nini hata ya furaha hukuniambia?

Unaandika vizuri, mwanangu. Nimefundisha Kiswahili darasa la tano mpaka la saba miaka 34, na insha nilizosahihisha sina hesabu yake. Ile uliyoandika kuhusu mvua ya usiku juu ya bati na jirani anayeimba ili mwanawe asiogope radi, nimeirudia mara tatu, na nikamsomea bibi yako. Ila acha kuandika "nilikua" unapotaka kusema "nilikuwa". Nilikua ni kukua, nilikuwa ni kuwa. Mtoto wa mwalimu hakosei hilo. Na shajara si lazima kila siku iwe na jambo kubwa. Zile siku ulizoandika mistari miwili ndizo nzuri kuliko zote.

Sasa hicho kizunguzungu. Nimemsomea jirani yetu muuguzi. Mwanzoni alitabasamu tu, akasema vijana wa mjini hawali. Nikaendelea mpaka pale ulipoandika, kama mchezo, kwamba siku hizi unatafuna mchele mbichi, unaficha kikombe kizima mezani ofisini. Aliposikia mchele akaacha kutabasamu. Akasema huyo apime wekundu wa damu, asisubiri. Mwanamke asiye mjamzito akipimwa akakutwa chini ya 12, damu yake imepungua, na hamu ya kutafuna mchele, barafu au udongo mara nyingi ndiyo dalili yake. Nami nikakumbuka mimba yako. Nilikuwa natafuna pemba, ule udongo wa sokoni, vipande vitano kwa siku, na watu wakisema ni mimba tu. Nilipofika kliniki nikaambiwa 8. Hilo sikuwahi kukusimulia.

Basi nenda. Ni kuchomwa kidole, tone la damu, unasubiri kidogo unapewa namba yako. Nitumie hiyo namba. Usininunulie maneno ya "niko sawa mama", nataka namba. Wala usiende dukani kununua vidonge vya kuongeza damu ukaanza kumeza kabla hujapimwa, maana kupungua kwa damu kuna sababu zake: inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa minyoo, inaweza kuwa malaria iliyojificha. Na hedhi. Kama inatoka nyingi mwambie daktari bila haya. Nilipaswa kukuuliza habari hizo tangu uko sekondari, nikawa naona haya mimi, nikamwachia shangazi yako.

Na chai hiyo. Muuguzi anasema chai ukiinywa pamoja na chakula inauzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo. Kaa saa moja au zaidi baada ya kula ndipo unywe. Kitu chenye uchachu kama chungwa kinafanya kinyume, kinasaidia. Kwa hiyo mtu anayelala na mkate na chai siku tatu amejinyima mara mbili. Matembele hapo Kimara hayakosekani, dagaa hawakosekani, choroko zinapikika kwenye jiko lako dogo. Usiniambie huna muda, umeandika kwamba Jumamosi unalala mpaka saa tano.

Nimekutumia elfu thelathini kwenye simu. Ni ya kupima na ya chakula, si ya LUKU wala si ya kumkopesha rafiki yako yule.

Lingine. Neno nililokujibu mwezi wa pili, posho ilipochelewa ukaniomba elfu hamsini. Siku ile nilikuwa nimetoka kumnunulia mdogo wako godoro na ndoo na madaftari ya bweni, na mkononi sikubakiwa na kitu. Lakini nimeliona umeliandika lile neno zima, kama lilivyotoka kinywani mwangu: "Dar wanaishi wengi, wewe tu ndiye unayelia." Halina ubaya huo likisemwa. Likiandikwa linakaa vibaya. Nimelisoma, nikaona mama wa aina gani huyo, kisha nikakumbuka ni mimi. Hukuandika jina langu, na hilo nimelishukuru. Tangu siku hiyo, nimehesabu, hujaniomba kitu. Nilidhani mambo yamekuwa mazuri.

Komeo la mlango. Umeandika kwamba limelegea na mwenye nyumba anakupiga kalenda. Umeandika pia kwamba unapanga chumba cha uani, na kwamba unarudi saa tatu usiku. Mwanangu, si wote wanaosoma ni mtu wa Mombasa. Andika ya moyoni, lakini njia unayopita, saa unayopita na mlango usiofunga, hayo mwambie fundi. Nunua kitasa na parafujo nne, mlipe fundi, kisha kata kwenye kodi. Mwenye nyumba akikasirika nipe namba yake nimpigie mimi.

Mjomba wako aliposikia unaandika mtandaoni alikuja juu. Akasema mnatafuta kesi, hamkumbuki mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, leseni milioni moja kwa mwaka, watu wakafunga kurasa zao? Nikamwambia kanuni zile zilifutwa mwaka 2020 zikatungwa nyingine, na binti anayeandika habari ya maharage yake magumu hatangazi habari. Hakuridhika. Anataka nikuambie uache. Mimi sikuambii uache. Nilikuachisha mara moja, imetosha.

Umepata usingizi siku hizi? Ukisimama ghafla bado macho yanaingia giza? Ofisini kama kuna ngazi, zinakuchosha kuliko zamani? Muuguzi amesema nikuulize hivyo.

Huku machungwa yameiva. Wanunuzi wa Kenya wameshaanza kuingia na malori, wanataka kununua yakiwa mtini kwa bei yao, na waliokuwa na shida wameuza. Mimi nimekataa mpaka wiki ijayo. Ile michungwa mitatu ya karibu na choo imeanza kukauka kuanzia matawi ya juu. Bwana shamba ameahidi kupita, sijamwona. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja hanyonyi. Bati la jikoni limeliwa na kutu upande wa mvua, naliziba na mfuko. Bada, ugali wetu wa muhogo, tulikula jana na kisamvu, bibi yako akasema umewekewa lako. Kila mara anasema hivyo, nami sahani nyingine naitoa.

Wiki iliyopita wajumbe wa kijiji walipita kuhakiki mipaka ya mashamba, nikawa natafuta ile karatasi ya mauziano ya babu yako. Nimepekua sanduku la chini, lile la bati. Karatasi nimeipata. Chini yake kulikuwa na daftari lako la kava la buluu.

Habari za daftari hilo unazijua, sizirudii. Nilikuambia nimelichoma. Sikulichoma. Niliwasha moto kweli, ukauona moshi, yalikuwa majani ya mgomba. Wakati ule niliona mtoto wa kidato cha pili hawezi kuwa na mambo ya kumficha mama yake, nikamwonyesha na baba yako, na yaliyofuata siku ile yalifuata. Kurasa nne za katikati hazimo. Baba yako alizichana ili amwonyeshe mwalimu wako, hazikurudi, na sasa hayupo wa kuulizwa. Zilizobaki sijazisoma tena. Mwaka ule nilizisoma zote, lakini nilikuwa natafuta kosa. Sijui kama palikuwa na kitu kuhusu mvua.

Mzigo utaupata kesho jioni pale stendi ya Magufuli, Mbezi, namba ya basi na ya kondakta nitakutumia. Ni kiroba kimoja cha machungwa, mchele kilo tano wa kupika, si wa kutafuna, na dagaa kwenye chupa ya plastiki. Daftari liko katikati ya machungwa, nimelizungushia ile kanga yangu kuukuu ya kijani lisilowane. Usilifungue hapo stendi. Kiroba ni cha jirani, mpe kondakta akirudishe.

Jumanne asubuhi nenda ukapime, mwombe mkubwa wako ruhusa ya saa mbili, atakupa. Ukipewa namba nipigie, hata nikiwa shambani simu ninayo. Nipigie mimi kwanza, ndipo uandike.

Mama yako