Mwanangu, Kabla Hujanunua Lenzi

Nakuru, Jumapili jioni

Kwa mwanangu Nekesa,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Picha ulizopiga Dunga, ufukweni hapo Kisumu, zilinifikia juzi, na nimezitazama zote, moja baada ya nyingine, kisha nikazirudia. Umeniuliza kama fedha ulizojiwekea akiba uzitumie kununua lenzi ya praimu, ile yenye urefu mmoja usiobadilika (urefu huo, unaopimwa kwa milimita, ndio unaoonyesha lenzi inavuta kiasi gani), au zumu nyingine, yaani lenzi ya kuvuta na kurudisha, inayovuta mbali kuliko ile ya 18-55 iliyokuja na kamera yako. Ningeweza kukujibu kwa simu kwa neno moja, lakini neno hilo lingekufaa kwa ununuzi huu tu, nawe utanunua lenzi nyingine maishani mwako ambazo sitakuwa karibu kukuchagulia.

Mimi huanza na miguu. Kabla ya kufunga begi la kamera hujiuliza iwapo mahali ninapokwenda nitaweza kusogea mbele na kurudi nyuma nipendavyo, au kama kuna kitu kitakachonizuia. Hapa kwetu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, huruhusiwi kushuka garini ila katika sehemu zilizotengwa, kwa hivyo kifaru akisimama mita themanini kutoka barabarani, hizo mita themanini ni zako na huna la kuzifanya. Maji ya ziwa nayo yamepanda sana katika miaka hii kumi na zaidi, yakameza barabara za ufukweni na kuua migunga iliyokuwa kandokando, na vigogo vyake vimebaki vimesimama majini, mnandi na mwari wakitua juu yake. Kigogo kimoja kiko karibu na dirisha la gari, kingine kiko mbali kabisa, na ndege hamngojei mtu abadilishe lenzi. Isitoshe, kubadilisha lenzi garini wakati wa kiangazi, vumbi likiingia kwa kila upenyo, ni kuialika takataka ikae juu ya sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, na baadaye utaiona kama madoa meusi kwenye anga ya kila picha uliyopiga tundu la lenzi likiwa dogo, kwa f/11 au f/16. Mahali kama hapo zumu ndiyo lenzi ya haki, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Sasa nirudi Dunga. Umenitumia picha kumi na nne za akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, na nyingi umezipiga ukiwa umesimama mbali na kuvuta lenzi hadi mwisho wake, milimita 55. Rangi ni nzuri, jua la asubuhi umelitumia vizuri, na ile nyavu iliyotandazwa mchangani na kumetameta samaki nimeipenda. Lakini katika picha zote hizo hakuna mama hata mmoja anayekutazama. Nimeona migongo, nimeona mikono, nimeona leso zilizofungwa kiunoni. Zumu ilikuruhusu kubaki mbali, nawe ukabaki. Ungekuwa na lenzi ya milimita 35 isiyovuta, ungelazimika kuwasogelea hadi hatua tatu au nne, na huwezi kumfikia mama wa watu hatua tatu bila kumwamkia, kumwambia wewe ni nani, na kumwomba ruhusa. Ungeambiwa ungoje, au ununue samaki kwanza, au uondoke, na mmoja angekubali. Picha ya huyo mmoja ningependa kuiona kuliko zile kumi na nne.

Kwa sababu hiyo ninaithamini praimu kwa anayejifunza. Inakunyima njia ya kusimama mahali pamoja, na baada ya wiki chache unaanza kuiona fremu kabla hujainua kamera, maana jicho limekwisha kuzoea kiasi kinachoingia na kiasi kinachobaki nje. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga sehemu kubwa ya picha zake kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ndogo ya Leica. Mimi nami nilianzia hapo bila kuchagua, kwa kuwa kamera za filamu za wakati wetu ziliuzwa na lenzi ya 50.

Kuna jambo la mwanga, na hili nataka ulielewe kwa hesabu wala si kwa kukariri. Ile namba ya f inapatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inahitaji tundu la milimita 28 hivi, jambo jepesi kwa kiwanda, na ndiyo maana ile ya Canon ina uzito wa gramu 160 tu na bei yake inavumilika. Jaribu hesabu hiyohiyo kwa milimita 300: kwa f/1.8 ungehitaji tundu la milimita 167, pana karibu kama sahani ya chai. Hakuna atakayekutengenezea kitu hicho kwa fedha zako, basi zumu za bei ya kawaida huishia f/5.6 zikivutwa mwisho. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya ule wa f/5.6. Pale ambapo zumu yako inakudai 1/60 ya sekunde, praimu itakupa karibu 1/500, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mkono wa mvuvi uliofifia kama moshi na mkono unaoweza kuhesabu vidole vyake. Hapo Kisumu mko karibu sana na ikweta, na jua likishazama giza halichelewi. Dakika ishirini na chache za mwisho, mashua zikiwa zinawasha taa kwenda kutafuta omena, zumu yako itakuwa imekwisha kazi ilhali praimu bado inaona.

Usije ukadhani praimu inashinda kila penye kiza. Ukienda Msitu wa Kakamega, kama ulivyoniambia unataka kwenda kwa shangazi yako wakati wa likizo, utamkuta mbega juu kabisa ya mti, mbali na gizani kwa pamoja. Lenzi ya 35 itamfanya awe kama punje, na zumu ya 70-300 itakuwa na f/5.6. Hapo huna budi kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au zaidi, kuegemeza kamera kwenye shina la mti, na kukubali chembechembe zitakazojitokeza kwenye picha. Ukivuta hadi 300, usishuke chini ya 1/500 ukiweza, kwa sababu mtikisiko wa mkono hukuzwa pamoja na mnyama. Lenzi iliyo na kizuia mtikisiko itautuliza mkono wako, lakini haitamtuliza mbega anayeruka.

Kuhusu ukali wa picha, ambao vijana wenzako wanaujadili sana, sina mengi. Zumu ya kwanza kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35 (huo ni upana wa filamu, si urefu wa lenzi) ilitolewa na Voigtländer mwaka wa 1959, ikaitwa Zoomar, na zumu za kale zilistahili sifa mbaya zilizopewa. Za leo zimeboreka mno. Ile 18-55 yako, ukiifunga hadi f/8 mchana, itatoa picha ambayo nikiichapisha ukubwa wa kalenda sitaweza kukwambia ilitoka kwenye lenzi gani.

Ngoja nikueleze lililonifanya niache kuwa mshupavu wa praimu. Zamani kabla hujazaliwa nilipewa kazi ya harusi katika kanisa moja dogo upande wa Njoro, nami nilikuwa na 50 peke yake, kwa kuwa nilijivunia kutohitaji nyingine. Ilipofika picha ya jamaa wote, wakajipanga safu tatu mbele ya madhabahu, nikarudi nyuma, nikarudi tena, hadi mgongo ukagusa ukuta. Hawakuenea. Niliwabana, nikawaomba wasogeleane, nikapiga. Filamu ilipotoka kusafishwa nikaona kwamba mzee mmoja aliyekaa mwisho wa safu ya mbele alikuwa amekatwa, umebaki mkono wake na fimbo. Bibi harusi aliishika ile picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama, babu yangu yuko wapi?" Nilimrudishia fedha zake, lakini picha ya babu yake sikuwa nayo ya kumpa. Zumu ya kawaida inayoanzia kwenye upana kuliko 50, hata ya bei ya chini kabisa, ingemweka mzee yule ndani. Tangu siku hiyo, kazi ya mtu aliyenilipa na isiyorudiwa mara ya pili siiendei na praimu pekee.

Sasa kuhusu fedha zako. Kabla ya kununua, fungua picha zako zote za mwaka huu kwenye kompyuta, utazame zile taarifa zinazohifadhiwa ndani ya kila picha, mahali panapoonyesha urefu wa lenzi. Chagua picha hamsini unazozipenda mwenyewe na uhesabu ni ngapi ulipiga kati ya 18 na 24, ngapi karibu na 35, na ngapi ulipofika mwisho kwenye 55. Mimi nimefanya hivyo kwa ulizonitumia mwaka huu. Zile nzuri, hasa ya yule fundi baiskeli wa Kibuye na ya nyanya yako akipepeta mtama, ziko kati ya 31 na 38. Zile za 55 karibu zote ni za mbali, na karibu zote ni za watu ambao hukuzungumza nao.

Nunua 35 yenye f/1.8. Watakushawishi uchukue 50 kwa kuwa bei yake ni ndogo, lakini kamera yako ina sensa ndogo, na juu yake 50 hubana kama 75 au 80 kwenye kamera ya filamu. Katika chumba unachoishi hutaweza kumpiga mwenzako akiwa amekaa kitandani bila kutoka mlangoni. Ya 35 itakuwa karibu sana na ile 50 niliyoanzia mimi. Ukiikosa mpya, iliyotumika inatosha, ila iangalie ukiwa kwenye mwanga, uimulike ndani kwa taa ya simu utafute ukungu ulioota kama utando wa buibui, na uzungushe pete ya fokasi usikie kama inakwaruza mchanga.

Zumu ya masafa usinunue. Yangu ya 70-300 imo kabatini, ndani ya kile kitambaa cha bluu, na magoti yangu siku hizi hayanipeleki hifadhini mara nyingi. Ukija Desemba utaichukua, na tutaingia hifadhini pamoja siku moja mapema asubuhi, uijaribu kwa mwari kabla hujaenda nayo Kakamega. Kifuniko chake cha mbele kimepotea. Ukipita kwenye duka la kamera hapo Kisumu, ninunulie kimoja cha milimita 58.

Ni mimi mama yako anayekupenda.