Land Rover ya Mwalimu na Bei za Mnada wa Ng'ambo

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu wa Njoro alituletea Land Rover Series IIA iliyokaa bandani miaka mingi hadi kuku wakaifanya kiota. Ilivutwa na trekta mpaka kwenye lango la gereji yetu hapa Nakuru. Kabla hata hajaketi, alinipa simu yake.

"Fundi, hebu ona hii."

Kwenye picha kulikuwa na Land Rover kama yake, kijani kibichi, viti vya ngozi, taa zinang'aa, imeuzwa kwenye mnada wa ng'ambo kwa pesa za kununua shamba zima kule Subukia.

"Yangu nayo nitengenezee hivi hivi, kisha tuiuze."

"Mwalimu," nikamwambia, "kunywa chai kwanza."

Si yeye tu. Kila wiki mtu hutuletea picha ya aina hiyo, akishaona makadirio yetu anadhani tunamla. Kwa hiyo nieleze.

Kwenye mnada, kinachouzwa mara nyingi si kazi ya fundi. Januari 2013, huko Scottsdale, Arizona, kampuni ya mnada ya Barrett-Jackson iliuza Batmobile, gari la Batman katika kipindi cha televisheni cha 1966. Nyundo ya dalali iligonga kwenye dola milioni 4.2. Mnunuzi akaongezewa kamisheni ya asilimia 10, akalipa milioni 4.62 (kwa hiyo ukiona bei, uliza kwanza kama kamisheni imo). Gari hilo fundi wa magari George Barris alilitengeneza kutoka kwa Lincoln Futura, gari la maonyesho la 1955. Aliyelinunua hakulala chini kukagua kama limechomelewa vizuri. Alinunua utoto wake. Ile Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliyouzwa euro milioni 135 mwaka 2022 nayo ilitengenezwa mbili tu. Land Rover ya Mwalimu ina ndugu hadi Molo.

Na gari lililobadilishwa kwa ladha ya mwenyewe lina shida yake. Ukiweka viti vyekundu na magurudumu mapana, anayenunua kesho ananunua gari pamoja na ladha yako, na ladha yako huenda asiitake hata bure. Ndiyo maana wengi hawarudishi pesa walizotia. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, lenye makaratasi yake, huwa na nafasi nzuri zaidi. Leo mtu akiniletea Datsun 240Z iliyokimbia kweli Safari Rally, mashindano ambayo aina hiyo ilishinda 1971 na 1973, nitamsihi asiguse rangi, na ule mbonyeo wa mlangoni auache palepale.

Lakini Mwalimu hakuwa na historia ya kuuza. Alikuwa na chuma. Basi tukaenda kuangalia chuma.

Alikuja na sumaku mfukoni, maana aliambiwa sumaku isiposhika, chini kuna fila, lile dongo la kuziba mabonyeo kabla ya rangi. Akaibandika mlangoni, ikaanguka. Akaibandika kwenye bawa la mbele, ikaanguka. Uso ukamshuka. "Kumbe gari lote ni fila!" Vijana wakacheka, nikawatuliza. Bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, sumaku haiwezi kushika hata kama bodi ni safi kama siku ya kwanza. Kwa Peugeot 504 sumaku ni rafiki yako. Kwa Land Rover, ipeleke kwenye chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, na kwenye ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Huko ndiko kwenye chuma, na huko ndiko kutu hujificha.

Nikachukua nyundo ndogo, tukaingia chini. Chasisi isiyooza ukiigonga hulia kama kengele. Ya Mwalimu ililia hivyo hadi karibu na gurudumu la nyuma kulia, hapo ikatoa mlio wa gunia. Nikachokoa na bisibisi. Kiraka kilichomelewa zamani juu ya kutu, kikapakwa lami, na nyuma ya lami bisibisi ikazama yote. Aliyeifanya hiyo kazi alilipwa, na gari likapendeza. Picha ya simu ingepigwa siku ile, usingeona kitu.

Hiyo ndiyo tofauti ya bei unayoiona kati yetu na jirani. Kuweka kiraka ni asubuhi moja. Kukata chuma kilichooza, kupima chasisi isipinde, kuchomelea kipande kipya na kupaka dawa ya kutu ndani na nje ni siku kadhaa kwa kona moja, na ukimaliza hakuna anayeiona.

Kuhusu injini: wengi wanataka tutoe ya petroli tuweke dizeli ya Toyota. Tunafanya, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ni lazima ijulishwe ili namba ya injini ilingane na logbuku. Ila hatufungi injini yenye nguvu na kuacha breki zile za zamani za dramu kwa magurudumu yote manne. Shafti za ekseli za nyuma nazo hazikuumbwa kwa mzigo huo, hukatika. Aliyewahi kuteremka Salgaa, ule mteremko wa ajali, nyuma ya trela anajua kwa nini sibishani juu ya hili. Mteja mmoja alikataa kulipia breki, nikamrudishia funguo.

Sasa tunatoza kwa hatua. Kwanza tunavua gari, tunalipima, unakuja kuona kwa macho yako. Makadirio unapewa baada ya hapo, si kabla. Fila haipakwi mpaka mwenye gari aone bodi tupu, na picha za kila hatua tunakutumia uziweke pamoja na makaratasi.

Mwalimu aliachana na habari ya kuuza. Anataka tu iweze kumpeleka sokoni Njoro na kanisani. Gari lake liko juu ya stendi, wiki hii tunachomelea ile kona ya kulia. Ukitaka kuona chasisi inavyofanywa, pita kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi tunapaka rangi.